Nyumba Iliyohama Bila Kusogea

Kufuli la ubao wa matangazo lilikuwa limeshika kutu tena. Tegwen Breese alikuwa amepiga goti juu ya ukuta mfupi wa mawe, akilipaka mafuta ya kupikia kwa ncha ya unyoya aliouokota njiani, na karatasi ya tangazo ameibana kwapani ndani ya koti isilowe. Mvua ya Llanwrgan asubuhi ile haikuwa ikinyesha. Ilikuwa imening'inia tu, nyembamba kama pazia lililosahauliwa kambani, na kila aliyepita ndani yake alitoka na shanga ndogondogo kwenye nyusi.

Gari jekundu la barua likapunguza mwendo, kioo kikateremka.

"Livunje tu, Tegwen," alisema Berwyn. "Wanaosoma huo ubao ni kondoo wa Mererid, na wale kusoma kwao hakuhitaji kufuli."

"Kondoo wa Mererid wakishasoma hawaji kubishana na mimi. Laiti wote mngekuwa hivyo."

"Leo umetubandikia nini?"

Akamnyooshea karatasi. Berwyn, pamoja na kupeleka barua, alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza la kijiji, na alisoma mstari wa kwanza kwa sauti ya mzaha. "'Halmashauri ya kaunti inapenda kuwaarifu...' Wanapenda! Hao wakikuandikia kwamba wanapenda, ujue kuna kitu wanakuja kuchukua."

"Wanakuja kuangalia mpaka. Alhamisi."

"Mpaka upi?"

"Wa kijito. Pale kwa Mzee Ithel."

Berwyn akazima injini, akaisoma karatasi yote mpaka chini, safari hii kimyakimya.

Llanwrgan ni mahali padogo. Ukisimama juu ya kilima, penye jiwe lililopasuka katikati, unapaona pote kwa kugeuza shingo mara moja: kanisa la kale bondeni na makaburi yake, kanisa dogo la juu ambalo siku hizi linafunguliwa kwa mazishi tu, shule iliyofungwa ikawa ukumbi, na nyumba za vigae vya jiwe zilizotawanyika kama mtu aliyekuwa akizibeba alijikwaa. Mpaka unaanza pale kwenye jiwe. Unateremka na ukuta wa kondoo, unavuka kinamasi ambako mababu walikata udongo wa kuchoma kama kuni, halafu unakabidhiwa kwa kijito cha Ceiliog, na kijito kinaupeleka hadi mto mkubwa. Ng'ambo ni Pentre-barcud, wenye duka, daktari, na shule ambayo bado ina watoto.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mapadri wa kwanza. Ila miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa Oktoba, mvua ilipiga siku nne mfululizo, na kijito kikachoka kuzunguka mbele ya nyumba ya Ithel Gittins. Kikakata njia mpya nyuma yake. Watu walipoamka, nyumba ilikuwa palepale, moshi ukitoka kwenye bomba lake kama kawaida, lakini ilikuwa upande wa pili wa maji.

Ramani hazikuambiwa. Mzee Ithel aliendelea kuwa mtu wa Llanwrgan na mjumbe wa baraza lake, akivuka daraja la mbao kuja vikaoni. Sasa kaunti ilikuwa ikinyoosha mistari yake yote katika kompyuta, na ilitaka mpaka ufuate maji yanakopita leo. Ingechukua mashamba mawili madogo, nyumba moja, na mpiga kura mmoja.

"Mmoja tu," alisema Berwyn. "Lakini ndiye huyo."

Baraza lilikuwa na viti vitano. Kimoja kilikuwa kitupu mwaka wa pili, hakuna aliyekitaka. Akiondoka Ithel wangebaki watatu, na kikao hakifunguliwi bila watatu. Ukifika msimu wa kondoo kuzaa, Mererid Tudor, mwenyekiti, hatoki zizini mwake wiki sita. Wajumbe wawili hawafungui kikao, na baraza lisilofungua kikao kila mtu alijua mwisho wake: ingekuja barua nyingine kusema kaunti inapenda kuwaunganisha na Pentre-barcud.

Kufuli likakubali. Tegwen akabandika tangazo, akalisawazisha pembe kwa kidole gumba, akaufunga ubao.

Alikuwa karani wa baraza hilo mwaka wa thelathini na moja. Kazi yenyewe ilikuwa saa chache kwa wiki. Saa nyingine alipiga pasi mashuka ya nyumba za wageni wa likizo, na mikono yake ilinuka mvuke na sabuni hata siku za Jumapili. Shuleni mwalimu wake alimwandikia mama yake kwamba mtoto huyu anatazama dirishani. Hakuacha kutazama. Vikaoni, wajumbe walipokuwa wakigombana juu ya mashimo ya barabarani na ua uliovamia njia ya miguu, kalamu yake ilienda yenyewe, neno kwa neno, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka zamani. Alikuwa akitembea. Alipita njia zote za Llanwrgan bila kuinuka kitini, akapanda ngazi za kuvukia kuta, akagusa kila lango, akasikia maji chini ya nyasi. Wakati mwingine kijiji kizima kilimjia kama mnyama mkubwa aliyelala kwa ubavu, naye akitembea polepole juu ya manyoya yake asije akamwamsha. Kisha mtu angesema, "Umeandika hiyo, Tegwen?" naye angejibu kwamba ameandika, na kweli ilikuwa imeandikwa.

Kusema, hakusema. Karani hana kura, wala hafungui mdomo kikaoni mpaka aulizwe, na wao waliuliza tarehe tu.

Kikao cha dharura kilifanyika Jumatatu saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi uliokuwa shule. Ithel hakuja, kifua kilimbana. Mererid alikuja na magwanda ya zizini, akaketi kama mtu anayeketi juu ya gunia.

"Tunapinga," alisema. "Nimemuuliza wakili wa shemeji yangu. Kijito kikihama polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka unahama nacho. Lakini kikiruka siku moja, mpaka unabaki kilipokuwa. Na hiki kiliruka. Nilikiona mimi kwa macho yangu."

"Macho yako si ushahidi," alisema Berwyn. "Huyo ofisa atataka kuonyeshwa mkondo wa zamani. Na shamba la Ithel lilisawazishwa, likapandwa majani. Wewe unaweza kuonyesha kilipopita?"

Mererid akatikisa kichwa. Akamgeukia karani.

"Tegwen anajua. We Tegwen, si ulikuwa unalala kwa tumbo pale utotoni, unaongea na samaki?"

"Nilikuwa nawasikiliza," alisema Tegwen.

"Haya. Imeazimiwa kwamba karani amwonyeshe ofisa mkondo wa zamani, na Ithel atie sahihi barua ya pingamizi. Umeandika?"

Alikuwa ameandika.

Jumatano alasiri alivuka daraja la mbao na barua ndani ya bahasha. Ithel Gittins alikuwa na miaka themanini na minne, mrefu, mgongo umeanza kuinama kama mti uliozoea upepo wa upande mmoja. Alimkatia kipande cha mkate wa zabibu kavu, akakipaka siagi nene, akamimina chai.

"Nimeleta karatasi ya sahihi, Mzee."

Aliipokea, akaiweka chini ya bakuli la sukari bila kuisoma.

"Sikiliza," alisema.

Akasikiliza. Saa ya ukutani. Moto. Na nyuma ya nyumba, maji.

"Zamani yalisikika hapa, dirisha la jikoni. Sasa yanasikika chumbani. Unamkumbuka Olwen?"

"Nakumbuka vikeki vyake. Alikuwa akitupa vikiwa bado moto."

"Alitoka Pentre-barcud. Miaka arobaini na miwili aliishi na mimi, na miaka arobaini na miwili mlimwita mwewe."

Tegwen akashusha kikombe. Jina la kijiji cha ng'ambo lina mwewe ndani yake, na watu wa Llanwrgan hawakuacha neno hilo lipumzike. "Ulikuwa utani, Mzee Ithel. Na wao wanatuita kondoo walowa."

"Utani, ndiyo. Naye alicheka. Mlikuwa mnamwona akicheka, mkienda zenu. Mimi nilikuwa namwona akimaliza kucheka."

Moto ukajigeuza kwenye jiko. Mzee akauchochea.

"Mwaka ule wa maji alikuwa kitandani tayari. Asubuhi nikamwinua kwenye mto, akachungulia dirishani, akaona kijito kiko nyuma yetu. Akacheka, lakini si kile kicheko mnachokijua nyie. Akasema, 'Ithel, tumehamia kwetu bila kubeba hata kijiko.' Nikadhani ni mzaha. Januari ndiyo akaanza kusahau. Siku moja ananiuliza, 'Ithel, hapa ni kwetu?' Nikamwambia, 'Ni kwenu, Olwen. Maji yamekuvusha.' Akashukuru." Alijaribu kuinua kikombe, akakirudisha. "Alishukuru, mwanangu, kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama muda mrefu. Siku ya tatu akafa. Na ramani inasema nilimdanganya."

Tegwen alisogeza kikombe chake pembeni. Katika miaka thelathini na moja ya kuandika maneno ya watu, mzee huyu alikuwa ameingia kwenye daftari lake kwa mashimo ya barabarani, taa ya njia panda, na mara moja mbwa wa jirani.

"Mbona hukulisema barazani?"

"Ningelisema chini ya ajenda gani?"

Wote wawili wakacheka kidogo, kisha hawakucheka.

"Sitatia sahihi," alisema Ithel. "Na kesho mtakapopita shambani mwangu, usisimame. Pita tu. Huyo ofisa hatajua, na Mererid hayupo. Nyasi ni nyasi."

"Wamenituma, Mzee."

"Najua wamekutuma. Mimi ninakuomba."

Alirudi na bahasha ileile. Njiani alisimama mara mbili bila sababu.

Alhamisi mvua ilikuwa imejitoa, na kilima kikabaki kimeoshwa, karibu kuliko siku zote, kama kimesogea kusikiliza. Ofisa wa kaunti alikuwa msichana aitwaye Siwan Parry, mwenye buti mpya na kishikwambi kilichofungwa kwa mkanda shingoni. Walikutana penye jiwe lililopasuka.

"Wewe ndiye karani, mama? Nimesoma mihtasari yako. Mwandiko mzuri jamani. Ofisini tunagombania kuisoma."

Tegwen hakujua la kufanya na sifa, akazifunga pamoja na vifungo vya koti.

Waliteremka na ukuta. Kwenye kishikwambi kulikuwa na ramani, na juu ya ramani kidoti cha buluu kilichotembea walipotembea. "Hao ni sisi," alisema Siwan. Tegwen alikitazama mno. Kilivuka kinamasi bila kulowa. Kilipita lango la shamba la Cae Du bila kulifungua. Akawaza kwamba hivyo ndivyo yeye alivyopita kijijini mwake maisha yake yote, mdogo na wa buluu, akiona kila kitu na kutogusa chochote, na bila kukusudia akajishika ukutani.

"Umechoka, mama?"

"Hapana. Kuna utelezi."

Ithel alikuwa amewasubiri langoni, amevaa koti lake la kanisani na kofia mkononi. Alimsalimia ofisa kwa adabu, na kumtupia Tegwen jicho mara moja tu. Wakaingia shambani watatu. Majani yalikuwa mafupi na sawa, na kwa jicho lingine lolote shamba lile lilikuwa kitambaa kimoja. Lakini Tegwen aliona. Karibu na katikati palikuwa na mshipa wa kijani kilichokolea, upana wa hatua mbili, na ndani yake nyasi ngumu za kinamasi, fupi, zimekatwa na kukatwa tena, bado zinachomoza. Ardhi ilikuwa inakumbuka. Hapo ndipo alipolala kwa tumbo, na mashavu yake yakalowa, na samaki mmoja akamtazama mchana mzima bila kupepesa.

Akapita. Hatua moja. Ya pili. Siwan alikuwa akitazama mlima na kusema kitu juu ya mandhari. Hatua ya tatu.

Kisha miguu ikakataa. Halikuwa azimio la baraza lililoizuia. Ni kwamba hajawahi kuandika kisichokuwepo, wala kuruka kilichokuwepo, na hicho kilikuwa karibu ndicho kitu pekee alichoweza kusema ni chake.

"Kilipita hapa," alisema. Akarudi, akachuchumaa, akaingiza vidole kwenye nyasi ngumu. Chini ya majani kulikuwa na changarawe za mviringo, changarawe za mtoni. Akazikusanya kiganjani, akamwonyesha ofisa. "Kilikuja kutoka kwenye ule mti, kikazunguka mbele ya nyumba, kikateremka kule. Kilihama siku moja, asubuhi moja. Wote tuliona."

Ithel aliinamia viatu vyake.

Siwan alipiga picha nyasi, changarawe, mti. Aliandika haraka, uso umechangamka kwa kazi iliyokuwa nyepesi kuliko alivyotegemea. "Basi hii inatosha kabisa. Kiliruka, mpaka unabaki. Nitaandika hivyo, na baraza lenu litafurahi." Akashika kifuniko cha kishikwambi akifunge.

"Hujamaliza," alisema Tegwen.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kondoo wawili waliinua vichwa.

"Samahani, mama?"

"Umeona kijito kilipokuwa. Mwenye nyumba yuko mbele yako, na hujamuuliza chochote."

"Nimuulize nini?"

"Anakaa wapi."

Msichana akatazama nyumba, akamtazama mzee, akaelewa kwamba hilo si swali la kijinga, ingawa hakujua kwa nini. "Mzee," alisema, "wewe unakaa wapi?"

Ithel alilieleza vibaya. Alianza na ng'ombe aliyekuwa mgonjwa mwaka ule wa maji, akapotelea kwa daktari wa ng'ombe, akarudi, akasahau mwezi. Alipofika kwenye dirisha la chumbani alisimama, na upepo ukamgeuza nywele, naye akasubiri utulie kama anayesubiri mtu mwingine amalize kuongea. Halafu akalisema lote: kicheko, kijiko, swali la Januari, na jibu lake. Siwan alikuwa ameondoa kidole kwenye kioo. Kishikwambi kikajizima chenyewe kifuani mwake, na yeye hakukiwasha.

"Maoni ya mkazi ni sehemu ya ripoti," alisema mwishoni, polepole. "Yana uzito. Siwezi kuahidi. Lakini... niliandike hili kama ombi rasmi?"

"Liandike alivyolisema," alisema Tegwen. "Na kijiko usikiache."

Siwan alipokwenda kupiga picha maji ya nyuma, walibaki wawili penye zile nyasi. Ithel alivaa kofia yake.

"Ulikuwa unapita," alisema.

"Nilipita hatua tatu."

"Nilikuwa nahesabu." Akaivuta kofia. "Uliposimama nikafikiri, huyu naye ameniuza."

"Nami nilifikiri hivyo, Mzee."

Katika kikao kilichofuata, Mererid hakusubiri kifunguliwe rasmi. Habari zilikuwa zimemfikia kabla Siwan hajavuka mto mkubwa. "Nilikutuma uonyeshe mkondo!" alisema, ngumi mezani. "Sikukutuma uende kumwombea huyo mzee ruhusa ya kutoka!"

"Mkondo nimeuonyesha."

"Halafu ukaufukia! Unajua tutabaki watatu? Unajua maana yake? Tangu lini karani ana maoni?"

Berwyn aliangalia dari. Mjumbe wa nne, mama mmoja mpole wa kinu cha zamani ambaye kwa kawaida alilala ikifika ajenda ya tatu, alikuwa macho.

Tegwen aliiweka kalamu juu ya daftari, akasukuma vyote viwili katikati ya meza.

"Mtu mwingine aandike hapa," alisema. "Nataka kusema."

Hakuna aliyeshika. Mwishowe Berwyn akavuta daftari kwa kidole, kama anavuta sahani ya moto.

Tegwen aliwaambia alichoambiwa na Ithel, kwa maneno ya Ithel, kwa sababu maneno ya watu ndiyo aliyoyajua. Alipofika kwenye mwewe, Mererid aliacha kupumua kwa kishindo. Hakuna aliyemkatiza, na alipomaliza sauti ya bomba la maji moto ikasikika ukutani.

"Tulikuwa watoto," alisema Mererid, si kwa mtu yeyote. "Tukitoka hapahapa darasani. Akipita na baiskeli tunamlilia kama mwewe, wote pamoja, tumepanga mstari pale ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha." Alijikuna kiganja. "Hakugeuka hata siku moja kutukemea. Nilikuwa nadhani hasikii."

"Na kuhusu watatu," alisema Tegwen, "naacha ukarani. Vitakuwa viti viwili vitupu. Nitaomba kimoja."

"Wewe?" Haikuwa kejeli, alishangaa kwelikweli. "Utakuwa unasema nini?"

"Sijui. Sijawahi kujisikia nikisema."

Berwyn akainua kalamu. "Hiyo 'sijui' niiandike?"

"Iandike," alisema Mererid. "Na mwandiko wako huo, Mungu atusaidie."

Majira ya baridi yakapita juu ya Llanwrgan, meupe na marefu, na barua ikaja mwezi Machi pamoja na wanakondoo wa kwanza. Halmashauri ya kaunti ilipenda kuwaarifu kwamba mpaka utafuata maji. Mererid aliisoma zizini, mikono imelowa damu ya uzazi, akamrudishia Berwyn ikiwa na alama ya kidole gumba. "Mwambie yule mwewe wetu mzee," alisema, "kwamba huko kwao wana vikao virefu kuliko vyetu. Ajibebee mto wa kukalia." Kisha akamwita tena dirishani mwa gari. "Na mwambie nitakuja. Kondoo wakiisha kuzaa, nitakuja kumwona."

Hakuna aliyegombania kiti na Tegwen. Karani mpya alitoka mbali, kijana aliyehudumia mabaraza matatu kwa mpigo, akiandika kwenye kompyuta iliyolia kama kuku anayedonoa. Katika kikao chake cha kwanza kama mjumbe, Mererid alipokwisha kutoka zizini, Tegwen aliomba nafasi juu ya njia ya miguu ya kinamasini, akasimama, akasahau kwamba wajumbe hawasimami, akasema sentensi mbili.

"Sauti," alisema Mererid.

Akazisema tena. Akili yake haikutoka nje safari hii. Ilibaki palepale chumbani, ikiwa na hofu, ikitazama watu wakimsikiliza.

Asubuhi iliyofuata aliteremka kwenye kijito. Theluji ya mwisho ya kilimani ilikuwa imeyeyuka na maji yalijaa, ya rangi ya chai, yakiongea yote kwa pamoja. Mashuka yalikuwa yakimsubiri, lakini aliyaacha yasubiri. Ng'ambo, Ithel alitoka mlangoni mwa nyuma, akamwona, akashuka polepole hadi ukingoni. Alikuwa na kitu mkononi, kidogo, chenye kung'aa. Ufunguo, au kijiko, au kioo cha saa kilichoshika jua. Akakiinua juu, akasema jambo.

Maji yakalichukua.

"Nini?" alipaza sauti Tegwen.

Akalisema tena, refu zaidi, na sasa alikuwa akicheka, mkono mwingine ukielekeza nyumba, kilima, au mawingu yaliyokuwa yakivuka kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Tegwen aliweka kiganja sikioni. Alisogea mpaka maji yakamgusa ncha za buti. Hakupata hata neno moja.

"Ndiyo!" akaitikia kwa nguvu zote. "Ndiyo, Mzee Ithel!"

Naye, ng'ambo, akaweka kiganja sikioni.